Kuondoa Programu za Kijasusi katika Kompyuta ya Nyumbani na Kuzuia Zisirejee

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa umma na wakazi wa Kikatiti, katika Halmashauri ya Wilaya ya Meru, Mkoani Arusha. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa manufaa ya watumishi na wananchi wa Unguja na Pemba, kwa kuwa tatizo linalozungumzwa halina bara wala visiwa.



Nimetakiwa nizungumzie jambo ambalo miaka thelathini iliyopita lisingemhusu mtu yeyote katika kijiji kilicho kando ya barabara ya Arusha na Moshi. Leo linamhusu mwalimu anayejaza alama za wanafunzi nyumbani usiku, muuguzi anayeandika ripoti ya zahanati mwishoni mwa juma, karani wa chama cha ushirika, na mzazi ambaye kompyuta yake hutumiwa na watoto watatu. Jambo lenyewe ni programu za kijasusi.

Programu ya kijasusi ni programu inayoingia katika kompyuta bila ridhaa ya mwenyewe, ikajificha, ikakusanya habari na kuzipeleka kwa mtu mwingine kwa njia ya intaneti. Yapo maneno ya siri inayoyaiba, zipo herufi inazozinakili kila unapozibonyeza, na zipo programu zinazoweza kuwasha kamera na kipaza sauti. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Kirusi cha zamani kilikuwa kikiharibu mafaili, na mwenye kompyuta akaona hasara yake siku ile ile. Programu ya kijasusi haitaki uione. Ina faida kwa mwenye kuituma kadiri wewe unavyoendelea kufanya kazi ukidhani mambo ni salama.

Mtu aweza kuuliza: mimi ni mtumishi wa kawaida, nina siri gani ya kuibiwa? Ndugu zangu, siri zilizomo katika kompyuta zenu si zenu peke yenu. Ndani yake mna majina ya wagonjwa, alama za watoto wa watu, namba za simu za wakulima na maneno ya siri ya mifumo ya Serikali. Anayeibiwa kwa uzembe wa mtumishi mmoja ni jirani ambaye hata kompyuta hana.

Nitoe mifano miwili. Wa kwanza ni wa raia wa Marekani mwenye asili ya Ethiopia, aliyekuwa akiishi katika jimbo la Maryland. Mwezi Februari 2014 alifungua kesi dhidi ya Serikali ya Ethiopia, akidai kwamba programu iitwayo FinSpy ilikuwa ndani ya kompyuta ya nyumbani kwake kwa miezi kadhaa, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2012 hadi Machi 2013. Alidai kuwa ilirekodi mazungumzo yake ya Skype na kufuatilia matumizi ya intaneti ya familia yake. Mwezi Machi 2017 Mahakama ya Rufani mjini Washington ilikubali uamuzi wa kuitupa kesi hiyo. Haikutupwa kwa kuwa madai yalionekana ya uongo, bali kwa kuwa mahakama za Marekani hazikuwa na mamlaka ya kuisikiliza dhidi ya dola ya kigeni. Naomba tuzingatie namna programu hiyo ilivyodaiwa kuingia: ilikuwa ndani ya waraka ulioambatanishwa na barua pepe, na aliyempelekea barua hiyo ni mtu anayefahamiana naye. Kumbe kumjua mtu aliyekuletea waraka hakutoshi, kwa maana huenda na yeye ameletewa na mwingine.

Mfano wa pili ni wa wezi wa kawaida wasiojali wewe ni nani. Mwezi Mei 2025 kampuni ya Microsoft, ikishirikiana na vyombo vya sheria vya nchi mbalimbali, ilivunja mtandao wa programu iitwayo Lumma, ambayo kazi yake ni kuiba maneno ya siri na habari za benki. Kampuni hiyo ilieleza kuwa katika miezi miwili tu, kati ya tarehe 16 Machi na 16 Mei 2025, ilitambua kompyuta zaidi ya 394,000 duniani zilizoambukizwa. Wahalifu wa aina hii hawachagui mtu. Hutega mtego, wakasubiri atakayenasa.

Sasa tuje kwenye dalili. Kompyuta huwa nzito ghafla. Kifurushi cha intaneti huisha kabla ya wakati wake. Kivinjari hufungua kurasa usizoziomba. Programu ya ulinzi hukutwa imezimwa na hakuna aliyeizima. Marafiki hupokea ujumbe kutoka kwako ambao hukuuandika. Hata hivyo, kukosekana kwa dalili si uthibitisho wa usalama, maana programu zilizo hodari zaidi hazionyeshi dalili yoyote.

Ikiwa una shaka, fuata utaratibu huu, na naomba usibadilishe mpangilio wake.

Kwanza, itenge kompyuta. Zima intaneti na usichomeke flashi yoyote. Bila intaneti, jasusi aliyemo ndani hana pa kupeleka alichokusanya.

Pili, tafuta simu au kompyuta nyingine unayoiamini, ubadilishe maneno ya siri kwa kutumia hiyo. Hapa ndipo wengi hukosea. Hubadilisha neno la siri katika kompyuta ile ile iliyoingiliwa, na kwa kufanya hivyo humkabidhi mwizi ufunguo mpya kwa mkono wao. Anza na barua pepe, kwa kuwa mwenye barua pepe yako aweza kuomba maneno ya siri ya akaunti nyingine zote. Kisha fuata benki, halafu mifumo ya kazini. Katika kila akaunti, amuru vifaa vyote vilivyounganishwa viondolewe, kwani programu kama Lumma huiba pia alama za utambulisho zinazokuruhusu kuingia bila kuulizwa neno la siri. Katika WhatsApp angalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Aidha, washa uthibitisho wa hatua mbili popote unapopatikana. Ikiwa kompyuta hiyo imewahi kutumiwa kwa kazi za ofisi, mwarifu afisa TEHAMA wa ofisi yako siku hiyo hiyo. Kuficha kwa kuona aibu ndiko kunakolikuza tatizo.

Tatu, nakili nyaraka na picha zako muhimu katika diski ya nje iliyo tupu. Usinakili programu. Diski hiyo isichomekwe katika kompyuta nyingine kabla haijakaguliwa.

Nne, pitia orodha ya programu zilizosakinishwa, na orodha ya nyongeza za kivinjari, uondoe zile usizozihitaji au usizozitambua. Kama hujui programu fulani ni ya nini, tafuta jina lake kwa kutumia simu kabla ya kuifuta.

Tano, fanya ukaguzi. Windows huja na programu ya ulinzi iitwayo Microsoft Defender, na hailipiwi. Rudisha intaneti kwa muda mfupi ili iongezewe orodha ya vitisho vipya, kisha uitenge tena na ufanye ukaguzi kamili, si ule wa haraka. Baada ya hapo fanya ukaguzi wa nje ya mfumo, ambao huizima kompyuta na kuikagua kabla Windows haijaamka. Ukaguzi huo una nguvu kwa kuwa jasusi hukutwa bado amelala. Hakikisha betri imejaa, umeme usije ukakatika katikati ya kazi. Usiweke programu mbili za ulinzi wa kudumu kwa pamoja, maana hugombana na zote zikashindwa kazi.

Sita, kama shaka ingalipo, futa kila kitu na usakinishe mfumo upya. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo njia ya uhakika zaidi. Mafaili ya usakinishaji yapakuliwe kutoka Microsoft kwenyewe, kwa kutumia kompyuta safi. Ukiyachukua katika flashi ya mtu, huenda ukamtoa jasusi mlangoni na kumrudisha dirishani. Mfumo ukishakaa sawa, badilisha maneno ya siri kwa mara ya pili.

Ndugu Mwenyekiti, utaratibu huu wote ni kazi ya siku moja au mbili. Lililo gumu ni kuzuia yasitokee tena. Fundi anaweza kuisafisha kompyuta, ila hawezi kuisafisha desturi ya nyumba. Kama mlango ulioachwa wazi haukufungwa, mgeni yule yule atarudi kabla ya mwezi kuandama. Naomba tuitazame milango hiyo mmoja baada ya mwingine.

Mlango wa kwanza, na kwa maoni yangu ndio mkubwa kuliko yote, ni programu zilizovunjwa kufuli. Kompyuta nyingi zilizotumika huuzwa zikiwa na Windows na programu za ofisi ambazo hazikulipiwa, na zikafunguliwa kwa vifaa vya wizi. Kifaa hicho kwanza hukuambia uzime ulinzi ndipo kifanye kazi. Tujiulize: mgeni anayekutaka umfunge mbwa kabla hajaingia uani ana nia gani? Asiye na uwezo wa kununua hana haja ya kuiba. LibreOffice huandika barua na majedwali bila malipo, na Ubuntu ni mfumo kamili usiolipiwa.

Mlango wa pili ni mfumo uliochakaa. Wengi huzuia masasisho ili kuokoa kifurushi. Naielewa sababu hiyo, lakini masasisho ndiyo yanayoziba nyufa, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Tengeni usiku mmoja kila juma kwa kazi hiyo, wakati vifurushi vikiwa na nafuu. Aidha, fahamuni kuwa tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya masasisho kwa Windows 10. Mwenye mfumo huo aupandishe kwenda Windows 11 ikiwa kompyuta yake inaweza, au ajiandikishe katika mpango wa kuongezewa muda, au ahamie mfumo mwingine.

Mlango wa tatu ni flashi na duka la steshenari. Sote tunahitaji kuchapisha, na wenye maduka haya wanatuhudumia vema. Hata hivyo kompyuta moja inayopokea flashi za watu hamsini kwa siku ni kama kikombe kimoja kinachonywewa na kijiji kizima. Peleka flashi yenye waraka mmoja tu unaotaka kuuchapisha, na ukirudi nyumbani uikague kabla ya kuifungua. Usiingie katika barua pepe yako wala mfumo wa kazi kwa kutumia kompyuta ya dukani.

Mlango wa nne ni viambatanisho na maagizo ya ghafla. Waraka unaokuomba ubonyeze kitufe cha kuruhusu yaliyomo, uache mpaka umempigia simu aliyeutuma. Upo pia ujanja mpya: ukurasa wa intaneti hukutaka uthibitishe kuwa wewe ni binadamu, kisha hukuelekeza ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na herufi R na kubandika maneno fulani. Hakuna ukurasa wa halali unaohitaji jambo hilo. Kufanya hivyo ni kuiamuru kompyuta yako mwenyewe imkaribishe mwizi.

Mlango wa tano ni akaunti moja inayotumiwa na nyumba nzima. Kila mtu awe na akaunti yake ya kawaida, na akaunti ya msimamizi yenye mamlaka ya kusakinisha programu iwe na neno la siri analolijua mzazi peke yake. Hapo mtoto atakapobonyeza asichokijua, kompyuta itamtafuta mkubwa kwanza. Kama mnazo kompyuta mbili, ya kazi ya ofisi iwe mbali na ya michezo.

Mwisho, tukumbuke sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inatumika Tanzania Bara na Zanzibar, imefanya kuwa kosa kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini na kunasa mawasiliano yake. Sheria haibagui kati ya mgeni wa mbali na mtu wa nyumbani. Kumwekea mwenzi wako programu ya kumpeleleza si mapenzi, ni kosa. Hali kadhalika, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Aliyeibiwa atoe taarifa polisi bila kukawia, na ujumbe wa utapeli unaofika kwa simu upelekwe namba 15040.

Ndugu zangu, jirani aliyekupa jina lake, ugonjwa wake au alama za mwanawe hakukupa ili ukae nazo mlango ukiwa wazi. Nawaomba leo jioni, kabla ya kulala, kila mmoja afanye jambo moja tu: aangalie kama ulinzi wa kompyuta yake umewashwa. Mengine yataanzia hapo.