Kambi kwa Jina la Shujaa: Kutoka Fort Lee hadi Lugalo



Mwaka 1917, Marekani ilipokuwa ikiandaa askari wa kupeleka Ufaransa, kambi mpya jimboni Virginia ilipewa jina la Robert E. Lee, jenerali wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili utumwa usiguswe. Baadaye kambi tisa za jeshi la nchi kavu zilikuwa na majina ya aina hiyo. Vijana weusi, wajukuu wa watumwa, walipita kwenye malango yake kwenda kufundishwa kulitetea taifa.

Tarehe 1 Januari 2021 Bunge la Marekani, likilishinda pingamizi la Rais Trump, lilipitisha sheria ya kuyafuta majina hayo. Tume ya watu wanane ilipokea mapendekezo zaidi ya 34,000 ya wananchi, na mwaka 2023 vibao vikabadilishwa.

Naomba tukae kidogo pale Fort Lee, iliyokuja kuitwa Fort Gregg-Adams. Arthur Gregg aliingia jeshini mwaka 1946, enzi ambazo weupe na weusi walitengwa. Alipokuwa ofisa kijana kambini hapo, hakuruhusiwa kuingia klabu ya maofisa kwa sababu ya rangi yake. Alipanda cheo hadi Luteni Jenerali. Mwezi Aprili 2023, akiwa mzee wa miaka 94, alihudhuria sherehe ya kambi ile ile kupewa jina lake. Mwenzake katika jina, Charity Adams, aliongoza Kikosi cha 6888 cha wanawake weusi. Huko Birmingham, Uingereza, mwaka 1945, walikuta maghala yamejaa barua za askari zisizofika. Walipewa miezi sita kuzimaliza, walitumia mitatu. Wapo wanaosema ushujaa ni wa aliyeshika bunduki tu. Mimi sikubali. Askari aliye mbali na kwao, asiyejua kama mama yake yu hai, anaijua thamani ya barua.

Mwaka 2025 majina ya zamani yalirudishwa, kwa njia ambayo ndiyo kiini cha mada yangu. Kwa kuwa sheria haikuruhusu kuwaenzi tena majenerali wa Kusini, walitafutwa askari wengine wenye majina yale yale ya ukoo. Fort Lee sasa ni ya Fitz Lee, askari mweusi aliyepata Nishani ya Heshima kwa kuwaokoa majeruhi kwenye mapigano ya Tayacoba, Cuba, mwaka 1898. Fort Gordon ni ya Gary Gordon, aliyeuawa Mogadishu tarehe 3 Oktoba 1993 alipojitolea kushuka kwenda kuwalinda wenzake ambao helikopta yao ilikuwa imeangushwa. Kwa Fort A.P. Hill ilibidi waunganishwe watu watatu wa jeshi la Kaskazini, Anderson, Pinn na Hill, ili herufi zitimie.

Watu hawa ni mashujaa kweli, na Fitz Lee anastahili kambi. Kinachoniuma ni namna alivyopatikana. Tume ilianza na tendo, ikafika kwenye jina. Safari hii walianza na jina, wakamsaka wa kulibeba. Fitz Lee angekuwa na jina jingine la ukoo, angeendelea kusahaulika, na nishani yake ile ile. Na ili yeye aingie, Gregg, aliyefariki mwaka 2024, ametolewa.

Sisi nasi tuna kambi iliyobadilishwa jina. Lugalo, hapa Dar es Salaam, iliitwa Colito, na humo ndimo yalimoanzia maasi ya askari ya Januari 1964. Baadaye ikaitwa Lugalo, mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891 na kamanda wake, Zelewski, akauawa. Nauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Hakuna aliyetafuta neno linalofanana na Colito. Lilitafutwa tendo la watu wetu.

Hata hivyo, Colito nayo ina habari yetu ndani yake. Ni mahali nchini Ethiopia ambapo, Mei 1941, King's African Rifles walipigana na Waitaliano. Sajini Nigel Leakey aliruka juu ya kifaru cha adui, akakiteka, akashuka kuvifuata vingine kwa miguu, asionekane tena. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya Uingereza. Kikosi chake kilikuwa cha Batalioni ya Sita, batalioni ya Tanganyika, na askari wa Kiafrika walikuwa bega kwa bega naye alipovifuata vifaru vile. Maelezo ya nishani yanamtaja yeye kwa jina. Wao wametajwa kwa vyeo tu.

Kibao cha Colito hakikuwataja watu hao, na kilipoondolewa, hata mahali walipopigania pakasahaulika. Pendekezo langu kwa semina hii ni kwamba orodha za askari wa Batalioni ya Sita zitafutwe, nyaraka za Uingereza zikiwemo, na watakaopatikana wapewe mabweni, viwanja vya gwaride na madarasa ndani ya Lugalo hiyo hiyo, kila jina likiandikwa pamoja na alichokifanya mwenye nalo.