Lumbesa na Uti wa Mgongo

Msikilizaji, lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, tumezoea kuipima kwa hasara ya mkulima. Leo tutazame mgongo wa anayeibeba, tuseme pale Kisiwani, wilayani Same, chini ya milima ya Upare. Kati ya pingili za uti wa mgongo mna visahani laini vilivyojaa maji. Mzigo huyakamua, usingizi huyarudisha. Ndiyo maana jioni unapungua urefu, kama sentimita 1 hivi. Visahani hivyo vinanyumbuka, ila si bila kikomo. Hata hivyo, sheria yetu inaruhusu gunia la hadi kilo 100. Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1967, lilipendekeza mwanamume asibebe zaidi ya 55. Kwa upande mwingine, wako makuli wanaolipwa kwa uzito. Gunia likipunguzwa, je, nani atafidia ujira?