Hadithi ya mapenzi na majini iliyotukalisha pamoja

Mazungumzo mbele ya familia zilizohama kwa vita, familia zilizozipokea na wakubwa wa mitaa, Kasongo

Sisi tunaosema hapa ni vijana na walimu. Kati yetu wako wenyeji wa Kasongo, na wako waliokimbia vita upande wa Kabambare wakafika hapa na vifurushi vichwani. Mmetuomba tuseme juu ya amani. Tunaomba ruhusa tuseme juu ya kitabu kilichotufurahisha.

Kitabu hicho ni Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert, mwandishi aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909. Kilitolewa mwaka 1952. Kimetoka mbali, lakini lugha yake tunaifahamu. Katika karne ya 19 Kiswahili kilifika Kasongo pamoja na misafara iliyopita Ujiji na Kabambare. Njia hiyo ilileta pia minyororo ya utumwa, nalo hatulisahau. Misafara ilikwisha, lugha ikabaki, tukaifanya yetu.

Nakala tuliyokuwa nayo ilikuwa moja tu. Jioni mmoja alisoma kwa sauti, mwingine akamshikia tochi, wengine tukasikiliza. Maneno ya pwani yalipotushinda, mwalimu alitufafanulia.

Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu. Katika safari ya baharini anafika kwenye mji ambao watu wake wote wamegeuka mawe. Ndani ya mji huo anamkuta msichana mmoja tu aliye hai, Mwelekevu, na wanapendana. Ndugu zake wanaona wivu, wanamtupa Adili baharini. Anaokolewa na Huria, jini ambaye Adili aliwahi kumwokoa. Huria anawageuza ndugu wale kuwa manyani, na kumwamuru Adili awapige kila usiku. Adili anawapiga, kisha analia na kuwalisha kwa mkono wake.

Tulicheka, tukabishana, tukapiga kelele Adili alipotupwa majini. Wasichana walidai tusiache kusoma mpaka tujue Mwelekevu amepatwa na nini. Hatutawaambia, someni wenyewe. Kwa wengine wetu ilikuwa mara ya kwanza tangu tukimbie kuingojea kesho kwa hamu.

Mzee mmoja alitukemea: “Watu wanakosa chumvi, ninyi mnasoma mapenzi na majini?” Alikuwa na haki ya kuuliza. Lakini alikaa kidogo, akasikia habari za manyani, na kesho yake alirudi na kiti chake.

Usiku mmoja tuliulizana majina yale yana maana gani. Hasidi ni mwenye husuda, Mwivu ni mwenye wivu. Kijana mmoja mwenyeji akanyamaza, halafu akasema: “Mimi pia nilikuwa Mwivu. Magunia ya msaada yalipogawiwa kwa waliohama peke yao, na sisi tumegawana nao nyumba na chakula, niliwachukia.” Msichana aliyetoka Kabambare akamjibu: “Na mimi nilikuwa Hasidi. Ninyi mna shamba na mlango wa kufunga usiku. Mimi nimeacha vyote.”

Ndugu zetu, wawili hawa walikuwa wakiteka maji kwenye chemchemi moja kwa miezi mingi bila kuambiana neno hilo. Katika kikao cha kupatana, kila mmoja huja na ushahidi wake. Hapa hakuna aliyeshitakiwa. Majina ya hadithi yaliwapa njia ya kusema.

Tena tusiwadanganye. Mwishoni mfalme Rai anaingia kati, ndugu wanasamehewa, wanarudi kuwa watu. Mama mmoja aliposikia hayo alisema: “Adili aliwasamehe watu waliokuwa mbele yake. Walionitendea mimi sijawaona tena mpaka leo.” Hatukumjibu, kwa sababu hatukuwa na jibu. Hadithi haichukui nafasi ya haki, wala hatumlazimishi mtu kusamehe kwa sababu kitabu kimeisha vizuri. Lakini mama yule bado anakuja kila jioni, na wote tunajua sasa ni mzigo gani anaubeba.

Wakubwa wetu, tunawaomba mambo mawili. Mtupe mahali na saa moja ya jioni, tusome bila kufukuzwa. Na mkiona vijana wanacheka juu ya hadithi ya mapenzi, msiseme wanapoteza wakati. Ninyi wazazi, mwenyeji akimtuma mtoto wake kusikiliza, amwite na mtoto wa familia iliyohamia jirani. Waje pamoja, warudi pamoja.

Asiyejua kusoma aje pia. Bibi zetu walitufundisha hadithi kabla hatujaona kitabu, nasi tungali tunazihitaji zao.