Mwambieni Awaonyeshe



Wahitimu, mnaondoka hapa mkiwa wataalamu wa usikivu. Zamani Mtanzania aliyehitaji kipandikizi cha koklea ili asikie alipelekwa nje, mara nyingi India. Mwaka 2017 Hospitali ya Muhimbili ikaanza kupandikiza hapa nyumbani. Upasuaji ni wa saa chache. Yanayofuata ni ya maisha yote, na hayo ndiyo kazi yenu.

Nilipokuwa mgeni kazini, alikuja kliniki mama mtu mzima mwenye kipandikizi, amevaa kifaa chake cha nje. Nikamuuliza, "Mama, kifaa unakimudu?" Akajibu, "Nakimudu, mwanangu." Nikaandika "anamudu", nikampa tarehe ya kurudi. Aliporudi baada ya miezi 3, binti yake akasema mama hasikii tena, nyumbani wameshazoea kumwandikia. Nikamwomba abadilishe betri mbele yangu. Akazitia mpya mbili, zile za zinki zinazohitaji hewa ili zifanye kazi, karatasi za gundi zikiwa bado juu yake. Kumbe siku zote alibadilishiwa na mjukuu, na mjukuu amekwenda shule ya bweni. Niliona haya, na naona haya mpaka leo.

Mama yule hakusema uongo. Kwetu mtu mzima hamwambii kijana mwenye koti jeupe kwamba kazi imemshinda. Kwa hiyo msimuulize. Wekeni kifaa mezani, semeni, "Mama, hebu nionyeshe," kisha mnyamaze, mtazame vidole. Akivae, sumaku ya koili ishike mahali pake kichwani. Abadilishe betri. Awaonyeshe anavyokikausha usiku, maana jasho na unyevu wa Pwani huharibu vifaa vya umeme. Na apige simu! Wengi kwa mazoea huibandika simu kwenye tundu la sikio, ilhali maikrofoni ya kifaa iko juu ya sikio. Wakikosa sauti, hudhani kifaa kimekufa.

Akikosea, mfundisheni palepale, naye arudie kwa mkono wake mwenyewe. Mtazameni tena kila anapokuja, kwa kuwa macho hupungua nuru, vidole huingia ganzi, wajukuu huhama.

Siku ile nilikaa na mama yule dakika 40. Mara ya nne akabandua karatasi kwa ukucha, akaziacha betri zipate hewa, akazitia, akavaa kifaa, akanitazama.

"Haya, sema tena, mwanangu," akaniambia.