Kilichoyeyuka Hakionekani

Mazungumzo ya walimu wa kemia na vikundi vya kujisaidia, Ruring'u, Nyeri

  Tumekuja na glasi tatu, chumvi ya duka, chokaa ya fundi na birika moja kuukuu. Msiogope, hakuna mtihani leo. Ila mkirudi nyumbani tungependa mtoto wa sekondari akiulizwa swali la maji na mzazi wake, wote wawili waelewane.

Kwanza tuwaeleze kilichotuleta. Kuna kikundi kimoja, jina tunaliacha, ambacho wanachama wake walichanga kwa miaka mingi. Waliuza maziwa, wakafanya harambee, mwishowe wakachimba kisima kirefu cha mashine. Siku ya kufungua tulikuwepo. Maji yalitoka mangavu kama kioo. Tulikunywa, tukayasifu. Akina mama walifurahi zaidi, kwa sababu sabuni ilitoa povu upesi, na hapo awali walikuwa wakichota mtoni maji ya matope.

Miaka ikapita. Watoto waliozaliwa baada ya kisima wakaanza kuota meno ya pili. Yakatoka na mistari myeupe kama chaki, mengine yakageuka rangi ya kahawia. Mama mmoja akatuuliza, "Mwalimu, maji haya tunachemsha kila siku. Mbona meno ya watoto yanaharibika?" Maji yakapelekwa kupimwa. Karatasi ikarudi ikisema floraidi imepita kipimo, tena kwa mbali.

Sisi tumefundisha somo la umumunyifu wa chumvi mwaka baada ya mwaka. Tulijua jedwali lote kwa moyo. Lakini siku ile ya kufungua kisima hakuna mmoja wetu aliyeuliza, "Je, kuna nini ndani ya maji haya?" Tunaona haya kulisema, lakini ni kweli. Ndiyo sababu tuko hapa.

GLASI YA KWANZA: CHUMVI

Haya, tazameni. Tunatia kijiko cha chumvi katika maji na kukoroga. Imekwenda wapi? Mnasema imeyeyuka. Je, imeisha? Onjeni. Iko! Basi somo la kwanza ni hilo: kitu kikiyeyuka hakionekani, lakini kipo. Kitambaa hakiwezi kukichuja, maana kinapita pamoja na maji.

Sasa tuongeze chumvi, kijiko baada ya kijiko. Inafika mahali inakataa, inabaki chini. Mililita 100 za maji huchukua karibu gramu 36 za chumvi, basi. Hapo maji yameshiba.

Watu wengi hufikiri kwamba maji yakishiba kazi imesimama. Haijasimama. Fikirieni uwanja wetu wa Ruring'u siku ya mechi kubwa. Uwanja umejaa. Mlangoni wengine wanatoka, wengine wanaingia, na idadi iliyo ndani haibadiliki. Ndivyo ilivyo glasi hii. Chembe za chumvi zinatoka kwenye fungu la chini na kuingia majini, na nyingine kama hizo zinatoka majini na kurudi kwenye fungu. Wanaoingia ni sawa na wanaotoka. Hali hiyo walimu wanaiita msawazo.

Vitu havilingani kwa kuyeyuka. Sukari huyeyuka kuliko chumvi, karibu gramu 200 katika mililita 100 hizo hizo. Lakini unga wa mawe ya chokaa, ule wa chaki asilia, lita nzima ya maji safi hupokea chini ya miligramu 20. Hata hivyo, kumbukeni hili: hakuna kitu kinachokataa kabisa. Mwalimu akiandika ubaoni kwamba kitu fulani "hakiyeyuki", maana yake ni kwamba kinayeyuka kidogo sana. Hicho kidogo ndicho kitakachotusumbua baadaye.

GLASI YA PILI: CHOKAA NA PUMZI

Jana jioni tulitia kijiko cha chokaa ya fundi katika chupa ya maji, tukakoroga, tukaacha itulie usiku kucha. Leo tumemimina yale mangavu ya juu. Angalieni, yanafanana na maji ya kunywa, lakini si ya kunywa. Chokaa huunguza macho na mdomo, kwa hiyo watoto wasiachiwe peke yao. Unapuliza kwa mrija, usivute.

Kijana wetu hapa apulize. Mnaona? Maji yamekuwa kama maziwa. Pumzi yake imekutana na kalsiamu ya chokaa, vikashikana, vikawa unga mweupe usiotaka kukaa majini. Unga huo ni mashapo. Ukiacha glasi, unatua chini.

Endelea kupuliza, usichoke. Sasa maji yanaanza kuwa mangavu tena! Pumzi ikizidi, unga ule hugeuka kuwa chumvi nyingine inayoyeyuka. Na tukichemsha maji haya, ile hewa inatoka, na unga unarudi.

Akina mama mmeliona hilo bila kwenda shule. Leteni birika. Hili gamba jeupe la ndani ni nini? Ni unga ule ule. Maji yaliyopita katika mawe yenye chokaa huubeba, na moto unaufukuza. Kwa hiyo kuchemsha huondoa aina moja ya ugumu wa maji, na huua vijidudu vya tumbo. Endeleeni kuchemsha. Lakini je, kuchemsha huondoa floraidi? Hapana. Moto hauigusi. Maji yanapokwenda na mvuke floraidi inabaki, na sufuria ikichemka kwa muda mrefu, maji yaliyosalia huwa na floraidi nyingi zaidi kwa kila kikombe.

GLASI YA TATU: MAJI YA KISIMA

Hii ya tatu ina maji ya kisima. Mangavu, matamu, hayana harufu. Hatuwezi kuwaonyesha floraidi, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Inatoka wapi? Mlima Kenya ni mlima wa moto uliozimika, na Bonde la Ufa nalo limejaa mawe ya volkano. Maji yanayokaa muda mrefu chini ya mawe hayo huyeyusha floraidi kidogo kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 uliangalia sampuli zaidi ya 1,000 za maji ya chini ya ardhi katika Kenya. Sampuli 61 katika kila 100 zilipita miligramu 1 ya floraidi kwa lita, na karibu 20 katika kila 100 zilipita miligramu 5. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5.

Sasa, wanafunzi wetu wa kemia, sikieni vizuri. Kalsiamu na floraidi zikikutana kwa wingi hushikana, zikawa mashapo. Kalsiamu moja hushika floraidi mbili. Kwa hiyo maji yenye kalsiamu nyingi hayawezi kubeba floraidi nyingi. Lakini maji ya mawe yetu ya volkano mara nyingi yana kalsiamu kidogo. Floraidi inakosa mwenzi wa kuishika, inabaki inaelea. Hesabu yake ni ya kuzidisha: kalsiamu mara floraidi mara floraidi. Kalsiamu ikipungua mara nne, floraidi inaweza kupanda mara mbili kabla mashapo hayajaanza.

Mnakumbuka lile povu la sabuni? Kalsiamu ndiyo inayoua povu. Maji yaliyotoa povu upesi yalikuwa yakituambia kwamba kalsiamu ni kidogo. Hatusemi kila maji laini yana floraidi. Ya mvua ni laini na floraidi yake ni kidogo sana. Tunasema kwamba povu, ladha na ungavu si cheti cha maji.

Mzee mmoja aliwahi kutuuliza, "Si tutie chokaa basi, tuipe kalsiamu?" Ni swali la maana, na jibu lake ni lile la glasi ya kwanza. Mashapo ya kalsiamu na floraidi nayo huyeyuka kidogo. Yakiwa peke yake katika maji safi huacha karibu miligramu 8 za floraidi kwa lita. Hiyo ni zaidi ya mara tano ya kipimo cha 1.5! Ukizidisha chokaa, floraidi itashuka zaidi, lakini maji yatakuwa makali, hayanyweki. Msijaribu nyumbani.

YALIYOFANYIKA KWINGINE

Wahindi walitafuta njia katika miaka ya 1970. Walitumia shabu pamoja na chokaa kidogo. Shabu hufanya mabonge laini ambayo hubeba floraidi na kutua nayo chini. Njia hiyo inaitwa Nalgonda, na imejaribiwa hata Tanzania, katika kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha. Inafaa, ila dawa lazima ipimwe kulingana na maji yenyewe, kila siku, bila kukisia.

Karibu nasi, Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilianza mwaka 1998 kazi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa. Mifupa ya mifugo huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, ikavunjwavunjwa, maji yakapitishwa ndani yake. Kwa nini mifupa? Kwa sababu mifupa na meno ni madini ya kalsiamu na fosfeti, na floraidi hupenda kushikana nayo. Ndiyo maana inakimbilia meno ya mtoto. Sisi tunaitegea mfupa mwingine kabla haijafika kwake. Baadaye wakaongeza vidonge vya kutoa kalsiamu na fosfeti polepole, ili chujio lidumu. Lakini chujio nalo hushiba, kama glasi yetu ya chumvi. Likishiba, maji yanapita na floraidi yake, na kwa macho huoni tofauti. Anayeliweka lazima awe na mpango wa kupima na kubadilisha. Na mifupa iliyochomwa vibaya huyapa maji harufu na rangi, kwa hiyo jiko la nyumbani halitoshi.

TUFANYE NINI?

1. Kabla ya kuchimba, na baada ya kuchimba, maji yapimwe kemikali pia, si vijidudu tu. Ofisi ya maji itawaelekeza kwenye maabara. Wekeni gharama hiyo katika bajeti ya kikundi tangu mwanzo. Karatasi ya matokeo isomwe mbele ya wanachama wote.

2. Maji ya kunywa na kupikia ni kidogo kuliko ya kufua na kunywesha mifugo. Kisima kikiwa na floraidi msikifunge. Tumieni maji yake kwa kufua, na tafuteni ya kunywa kwingine: mvua ya paa lenye mabati na tangi safi, au maji ya mto yaliyotibiwa.

3. Watoto kwanza. Meno ya mbele ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi tangu kuzaliwa hadi miaka kama minane. Jino likiisha kujengeka vibaya halirudi. Maji salama yakiwa machache, ya mtoto mdogo yatengwe kwanza. Lakini mtu mzima asijidanganye: floraidi nyingi kwa miaka mingi huumiza mifupa na viungo.

4. Magadi ya kulainishia githeri yanaweza kuwa na floraidi. Lowesheni mahindi na maharagwe usiku kucha, yataiva bila magadi.

5. Mtoto mwenye meno ya kahawia asichekwe, wala asiambiwe hapigi mswaki. Mswaki hauondoi alama hizo. Si kosa lake.

Kwa walimu wenzetu tuna neno moja. Tulifundisha mashapo kama orodha ya kukariri: hiki chayeyuka, hiki hakiyeyuki, fungua ukurasa unaofuata. Mwanafunzi alipata alama zake, akarudi nyumbani kunywa maji asiyoyajua. Leteni birika darasani. Wanafunzi waulizwe maji ya kwao yanatoka wapi na yamepita katika mawe gani. Wataelewa msawazo upesi kuliko kwa jedwali.

Na kile kikundi? Kisima hakikufungwa. Walinunua matangi ya mvua kwa zamu, nyumba zenye watoto wadogo zikatangulia. Meno yaliyokwisha kuharibika hayakurudi. Wale wanaozaliwa sasa ndio tunaowangojea watabasamu.



MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Maji tunayokunywa yamewahi kupimwa? Karatasi iko kwa nani?
2. Ni nyumba ngapi kwetu zina watoto chini ya miaka minane, na zina tangi la mvua?
3. Tukianza mzunguko wa kununua matangi, nani atangulie, na kwa nini?