Kumsikiliza Aliyelemewa na Mambo

Mama mwenye deni la mbolea ya chai, mume mlevi na mtoto asiye na sare ya shule huja kwetu, nasi humwambia, “Vumilia.” Kwa maoni yangu, neno hilo hufunga mlango.

Mwaka 2006, huko Mbare, Harare, Daktari Dixon Chibanda alianza na akina bibi 14, wakiketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi hakimbilii kushauri. Humwacha mgeni ataje matatizo yake yote. Kisha mgeni mwenyewe huchagua moja. Hutafuta pamoja hatua ndogo: hapa Tukuyu ingekuwa, kwa mfano, kumwendea karani wa ushirika Jumanne na kuomba deni ligawanywe. Baadaye hurudi kueleza imekuwaje. Utafiti wa zahanati 24, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliosaidiwa hivyo walikuwa na dalili chache za sonona kuliko wenzao.

Jambo hili si geni Rungwe. Monica Wilson, aliyeishi kwa Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika jinsi hasira iliyofichwa moyoni ilivyopaswa kutamkwa kabla ya kupatana.

Basi viongozi wa jumuiya, mliyosikia yasifike sokoni. Anayepigwa asindikizwe polisi, kwenye dawati la jinsia. Anayetamani kufa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na kama deni limetokana na mizani ya udanganyifu, msimfariji tu mwenye nalo: lileteni kwenye kamati, pamoja na stakabadhi zake.