Kiti Kile Kile cha Barazani

Wazee wetu wastaafu, asubuhi mama anafagia uwanja, anachota maji, anapepeta mchele. Baba je? Yuko kitini barazani na redio, anasubiri mpira. Mpira wa kusikiliza haukazi misuli, baba! Miguu isiyotumika hulegea. Ikilegea, mtu huanguka, hata bafuni.

Basi kiti hicho hicho kitumieni. Kiegemezeni ukutani kisiteleze. Mmoja akae, apishanishe mikono kifuani, ainuke bila kushika kitu. Akae tena, taratibu. Mara 10, mwenzake akihesabu. Kisha mpokezane. Kuinuka bila kushika: ndiyo kazi yenyewe. Ukishindwa, anza kwa kushika. Ukisikia kizunguzungu au kifua kinabana, acha, nenda kituo cha afya.

Na baba, kesho ufagio ni zamu yako.